Nilivyoandaa wiki ya kuwaenzi wazee na walezi wao Minnesota

Kila Septemba, Marekani huwa na wiki moja ya kuyaenzi makazi ya wazee wanaosaidiwa (assisted living): wanaoishi humo na wanaowahudumia. Ilianzishwa mwaka 1995 na chama cha kitaifa cha makazi hayo. Huanza Jumapili ya kwanza baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, ambayo huwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Jumapili hiyo ndiyo Siku ya Babu na Bibi iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Mwaka 2025 ilianza tarehe 7 Septemba. Mwaka 2026 inaangukia tarehe 13. Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi tunaofanya kazi ya ulezi huku huiona tu kalendani, mpaka siku msimamizi anapokwambia, "Mwaka huu wewe ndiye utakayeipanga." Ninayaandika haya kwa ajili ya huyo aliyeambiwa. Nimeiratibu mara tatu kwenye makazi ya wazee 38 na wafanyakazi 31, kwa bajeti ya dola 450.

Kwanza fahamu ni mahali pa namna gani. Hii si nyumba ya uuguzi. Nyumba za uuguzi hufuata kanuni za serikali kuu, lakini makazi haya kila jimbo lina sheria yake. Minnesota ilianza kuyapa leseni tarehe 1 Agosti 2021. Mzee ana chumba chake, ufunguo wake na mkataba wake. Kwa hiyo sherehe ni mwaliko. Unabisha hodi, unasubiri, unaeleza, na akisema hapana unamshukuru na kuondoka. Usimsukume mtu kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbini kwa sababu tu viti vimebaki wazi.

Pili, jua unaenzi nini. Daktari Sidney Katz na wenzake walichapisha mwaka 1963 kipimo cha mambo sita ya kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Mzee anayejiweza kwa manne anasaidiwa mawili. Umahiri wa mlezi uko katika kuyajua hayo mawili, na kuyaacha yale manne yabaki ya mzee mwenyewe hata kama yanachukua dakika kumi na tano badala ya tatu. Kazi hiyo haionekani kirahisi, kwani anayepita mlangoni ataona mlezi amesimama tu. Ndiyo maana shukrani za jumla jumla, za kusifu bidii na moyo wa upendo, hazimfikii. Nilichokitafuta ni shukrani inayotaja jambo lenyewe.

Dawa yake ni daftari. Wiki sita kabla, niliweka daftari moja kwenye meza ya wauguzi na jingine kwenye chumba cha kulia, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi. Kila zamu inaandika mstari mmoja: nani alifanya nini. Wazee nao wanaandika au wanamwambia mtu awaandikie. Wiki ya kwanza hupata mistari mitatu tu, nayo ni "ahsante sana". Hapo ndipo inabidi uanze wewe kuandika kwa usahihi, na wengine watafuata mfano: "Aliliweka shati kitandani likiwa limegeuzwa sawasawa, mzee akalivaa mwenyewe." "Alizima televisheni kabla ya kuuliza swali." Usisahau wapishi, wasafishaji, dobi na fundi wa jengo. Fundi anayepaka mafuta bawaba usiku mlango usilie anawasaidia wazee kulala.

Kutoka daftarini zinatengenezwa kadi. Tumia karatasi nene isiyong'aa, ya rangi ya maziwa, maandishi meusi ya saizi 18 au zaidi, kwa sababu karatasi inayong'aa humpiga mwanga machoni mzee mwenye tatizo la retina na maneno yakapotea. Kalamu zizungushie sifongo, unene wa kidole gumba, ili mkono wenye baridi yabisi uweze kushika. Asiyeweza kuandika anatamka, na wewe unaandika maneno yake hayohayo bila kuyapamba. Uliza pia kila mtu anataka kuitwaje. Sisi tuliolelewa kumwita mtu mzima mama au babu tunaona heshima, lakini wapo wazee huku wanaotaka "Mrs." na jina la ukoo, na wapo wanaotaka jina la kwanza tu. Majina ya kubembelezea watoto yaache kabisa.

Ratiba ndiyo iliyonishinda mwaka wa kwanza. Niliweka tukio asubuhi na jioni kwa siku saba, na walezi wakajikuta wanafanya kazi mara mbili katika wiki ya kuwapongeza. Sasa ni jambo moja kwa siku, kati ya dakika 45 na 90, na kuna mtu mmoja asiyepangiwa mzee yeyote siku hiyo. Jamaa za wazee huja kusukuma viti na kuosha vyombo. Saa nzuri ni saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi. Dawa za saa mbili zimeshatolewa, za saa sita bado. Kumbuka kwamba anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini huenda chooni mara kwa mara baada ya dozi ya asubuhi, basi mkalishe karibu na mlango na weka mapumziko katikati. Kuanzia saa kumi jioni wazee wengi wenye upotevu wa kumbukumbu huanza kuhangaika, na sherehe ya saa hiyo huwaongezea hofu. Kwao fanya makundi ya watu sita, dakika 45, bila muziki wa nyuma. Vifaa vya masikio vya kusaidia kusikia hukuza kila sauti, pamoja na kijiko kinachogonga sahani. Anayezungumza asiwe na dirisha nyuma yake, maana uso unakuwa kivuli na midomo haisomeki.

Ukumbi upime kwa futi kamba kabla ya kupamba. Njia ya kiti cha magurudumu iwe angalau sentimita 91, pa kugeukia sentimita 152, na chini ya meza pawe na nafasi ya magoti ya sentimita 69. Ukiweka alama sakafuni kwa utepe, uubandue baada ya kupanga meza, kwani kona ikinyanyuka mguu unanaswa. Nyaya zipite ukutani. Mishumaa ya moto isiwepo hata kwenye keki moja, kwa sababu ya mashine za oksijeni. Ipo ya betri. Baluni za mpira nazo ziache, kuna watu ambao mpira huwawasha ngozi au kuwabana kifua.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni Jumatano ya chapati na lefse. Lefse ni mkate bapa wa viazi ulioletwa Minnesota na wahamiaji kutoka Norway, na bado unasukumwa majumbani, hasa kuelekea Krismasi. Ukiweka mbao mbili sambamba, wazee wa hapa wanafundisha lefse na walezi kutoka kwetu wanafundisha chapati. Hapo mzee ni fundi na mlezi ni mwanafunzi. Kumbukumbu ya mikono mara nyingi hudumu kuliko ya majina na tarehe, na mtu asiyejua leo ni siku gani anaweza kukuonyesha kwamba unasukuma kwa nguvu mno.

Lefse inaanza Jumanne. Chemsha kilo moja ya viazi vyenye wanga mwingi, vikamue vikiwa moto kupitia chombo chenye matundu madogo, mara mbili, maana donge moja linatosha kutoboa mkate. Changanya gramu 60 za siagi, mililita 60 za krimu, kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kikubwa cha sukari. Mvuke ukishatoka, funika kwa kitambaa safi tu na uweke kwenye friji usiku kucha. Ukifunika kwa plastiki viazi vinabaki na maji, maji yanadai unga, na unga mwingi unafanya mkate mgumu. Asubuhi ndipo unatia unga wa ngano, gramu 180 hadi 200, nusu ya viazi kwa wakati mmoja, kwa sababu mchanganyiko uliokaa na unga hulegea na kunata. Usiukande, kusanya tu. Gawa madonge 16.

Chapati inataka kinyume chake: unga kilo moja, maji vuguvugu kama mililita 600, vijiko vidogo viwili vya chumvi, vinne vikubwa vya mafuta, ukande dakika kumi na uuache upumzike nusu saa. Wazee hushangaa sana hapo, na mabishano yao juu ya kukanda au kutokanda ni ya thamani kuliko hotuba yoyote. Lefse hupikwa kavu kwenye kikaango bapa cha umeme kati ya nyuzi 230 na 260 za Selsiasi, ikageuzwa kwa kijiti kirefu chembamba. Chapati hupikwa kwa moto mdogo zaidi, na mafuta. Mfanyakazi ndiye anayesimama kwenye kikaango, angalau mita 3 kutoka kwa mwenye oksijeni. Wazee wanasukuma wakiwa wameketi, breki za viti zimefungwa.

Sasa chakula, ambako makosa huumiza. Kaa na muuguzi siku tano kabla, mpitie majina yote 38 kwa mambo matatu: kumeza, sukari, dawa. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI, wa wenye shida ya kumeza, hupanga vyakula na vinywaji kwa ulaini na uzito wake, ngazi 0 hadi 7. Mwenye ngazi ya 5 vipande vyake havizidi upana wa milimita 4, na mkate wa kawaida haumfai. Lakini asinyimwe siku yake: mpondee viazi vilevile kwa siagi na krimu hadi vilainike kabisa, harufu ni ileile na meza ni ileile. Chai ya tangawizi ya mtu wa ngazi ya 2 pima kwa bomba la sindano la mililita 10: achia itiririke sekunde 10, zibaki mililita kati ya 4 na 8. Pima ikiwa kwenye joto la kunywewa, kwa sababu maziwa hayagandi kama maji na unga wa kugandisha huendelea kukaza kikombe kikikaa. Aiskrimu ndiyo mtego mkubwa wa sherehe. Kwenye kijiko ni nzito, mdomoni inayeyuka kuwa maji, na maji hayo ndiyo anayokatazwa.

Ukipika sukuma wiki, angalia nani anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mboga hiyo ina vitamini K nyingi, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kwa kawaida hakatazwi kula, ila kiasi chake kisibadilike ghafla, na sahani moja kubwa ya sherehe ni badiliko. Muuguzi aamue kipimo.

Zamu ya usiku nimeiweka peke yake kwa kuwa ndiyo husahauliwa kila mahali. Zamu ni tatu: saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, saa tisa hadi saa tano usiku, na saa tano hadi saa moja asubuhi. Piza ya saa sita mchana inawakuta wa usiku wamelala, na vipande vilivyokauka wanavyovikuta usiku ni tusi. Nilitenga dola 90 kwa ajili yao peke yao. Chakula kinapikwa upya, kinahifadhiwa kwenye friji chini ya nyuzi 5, kinapashwa hadi 74, kila sahani na jina lake limeandikwa kwa mkono. Kadi zinatolewa wakati wa kupokezana zamu, saa tisa alasiri na saa tano usiku, kwani hapo zamu zote tatu zinapatikana kwa siku moja. Watu watatu watatu, wengine wakibaki na wazee. Meneja awepo saa tano usiku, mwenyewe, siyo kwa barua. Kwa zawadi, soksi za kubana miguu, zenye mbano wa 15 hadi 20 mmHg, zilipokelewa kwa furaha kuliko vikombe vyenye nembo. Waliosimama kwa muda wa saa nane wanajua kwa nini. Fedha kutoka kwa mzee zisipokelewe kamwe, hata akisisitiza. Mwelekeze kwenye daftari.

Picha zichukuliwe kwa idhini ya maandishi tu, ya mzee au ya anayemwakilisha kisheria. Nilitumia vibandiko vya kijani kwenye beji za walioridhia, na mpiga picha alijua bila kuuliza mbele za watu.

Jumamosi jioni, siku ya mwisho, nakala za kadi zinarudi daftarini na daftari linarudi mezani. Lefse zilizobaki zinakunjwa mara nne, zinafungwa kwa kitambaa kisha plastiki, zinaandikwa tarehe na kuingia friza. Wazee wenyewe ndio huulizia mwezi Desemba.