Pua ya d'Argout

Jumamosi nilirudi kumtazama d'Argout. Yuko Washington, National Gallery of Art, pamoja na wenzake 35, wengi wao wabunge wa Ufaransa ya Mfalme Louis-Philippe. Ni sanamu za kichwa na mabega, za shaba nyeusi. Yeye hafiki hata shubiri, lakini pua imemtangulia kabisa.

Mchora katuni Honoré Daumier alianza kuwafinyanga mnamo 1832, kijana wa miaka 24, kwa kuagizwa na Charles Philipon, mwenye La Caricature, gazeti la kuwakejeli wanasiasa. Mwaka huohuo Daumier alifungwa kwa katuni ya mfalme akimeza fedha za maskini. D'Argout akawa waziri wa mambo ya ndani, baadaye gavana wa Benki ya Ufaransa.

Shaba hiyo Daumier hakuiona. Alifinyanga udongo, akaupaka rangi ya mafuta, wala hakuuchoma. Nyanya yangu alikuwa mfinyanzi, kwa hiyo hapo moyo wangu hushtuka kila mara. Udongo usioingia motoni ukipata maji unarudi kuwa tope, na ukigongwa kidogo tu umemeguka. Vichwa hivyo vilikaa kwa ukoo wa Philipon karibu miaka 100 katika hali hiyo. Mnamo 1927 vikanunuliwa na Maurice Le Garrec, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris, na kuanzia 1929 karakana ya Barbedienne ikavisubu kwa shaba: nakala 25 kwa vichwa vingi, 30 kwa baadhi.

Daumier alikuwa amefariki tangu 1879.

Je, hizi ni kazi zake? Nimejiuliza njia nzima nikirudi nyumbani. Kalibu haichagui. Imechukua alama za vidole vya kijana yule, ikachukua pia nyufa zilizoletwa na miaka, na shaba imezishika zote kwa uaminifu uleule. Mimi nasema ni zake, kwa sababu ya vile vidole. Nyanya angevitambua: donge limebandikwa, likasukumwa kwa gumba, likaachwa bila kulainishwa, maana mikono ilikuwa na haraka.

Rangi tu ndiyo iliyopotea. Udongo wenyewe uko Musée d'Orsay, ungali na rangi yake. Mwakani, Mungu akipenda, nitakwenda Paris nimwone d'Argout kama Daumier alivyomwacha.