Tukuyu yetu tuitunze wenyewe, tusisubiri mtu wa kutoka mbali

Watu wakisikia mambo ya kale wanafikiria Isimila, au Kalenga kwa Mkwawa, au kile kimondo cha Mbozi, na ni sawa kabisa, kule kuna kibao, kuna mhudumu, unalipa kiingilio unaelezwa. Sasa Tukuyu, mji wetu huku Rungwe mkoani Mbeya, je? Sisi wa Bulyaga, Makandana, Kawetele, Msasani tumekulia katikati ya vitu vya zamani mpaka macho yameshazoea. Mi niko kwenye kundi la watu wa hapahapa mjini, vijana, wamama, walimu wawili watatu waliostaafu, tunajitolea wikiendi kukusanya na kutunza kilichobaki, na naandika hii kwa sababu kila tukipita kuomba picha au kuomba mzee atusimulie kuna mtu anauliza hivi hiyo si kazi ya serikali?

Ngoja nianze na sheria basi maana hapo ndo wengi wanashangaa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baada ya hapo mpaka yatangazwe rasmi. Sasa piga hesabu mwenyewe, wamisionari Wamoravian walifika Rungwe 1891, Wajerumani wakaja wakajenga boma lao hapa na mji wakauita Neu Langenburg, Waingereza wakawatoa mwaka 1916 wakati wa vita ya kwanza ya dunia, yaani karibu kila jengo tunaloliita la zamani hapa kwetu limejengwa baada ya 1863. Mwenye kiwanja akitaka kuvunja anavunja tu, na wala simlaumu sana, mtu ana watoto wa kusomesha na fremu za maduka zinalipa kuliko nyumba ya babu inayovuja. Ila mtu akikaa naye mapema, akamwomba walau tupige picha, tupime vyumba, tuandike nani alijenga na nani aliishi, wengi wanakubali vizuri tu. Tatizo ni kwamba hakuna anayeenda kukaa naye.

Kazi yetu kubwa kuliko zote ni sauti za wazee. Simu ya kawaida inatosha kabisa, unaiweka airplane mode ili isiite katikati, unakaa nao jikoni kama ni msimu wa baridi maana baridi ya Juni huku unaijua, unaanza na ugonile kama adabu inavyotaka, na unaacha mzee aongee Kinyakyusa chake mwenyewe. Hili la lugha nalishikilia sana. Tukimlazimisha mzee aongee Kiswahili anafupisha, anaruka vitu, lakini akiongea lugha aliyolelewa nayo anaanza kutaja majani, majina ya vijito, anaimba, anakumbuka nani alimcheka nani mwaka gani. Bibi mmoja wa Bulyaga alitusimulia asubuhi nzima namna ya kupika mbalaga, chakula chetu cha ndizi, na mgeni gani anapikiwa ndizi zipi, mjukuu wake kakaa pembeni na yeye ndo mara ya kwanza anasikia.

Mzee mwingine yeye alitueleza habari za vijiji vya marika. Kama hujawahi kusikia, zamani kwetu kijana wa kiume akifika miaka kumi na kidogo alikuwa haendelei kulala kwa baba yake, anatoka na wenzake wa rika moja wanajenga vibanda vyao pembeni, kula wanarudi kula kwa mama zao kwa zamu, wanakua pamoja, wanaoa, na baadaye kinakuwa kijiji kamili cha watu wa rika moja. Watafiti wawili mtu na mke wake, Godfrey na Monica Wilson, walikaa huku miaka ya 1930 wakayaandika hayo yote, na karatasi zao leo ziko chuo kikuu cha Cape Town. Nashukuru waliandika, kweli kabisa. Lakini inaniuma kwamba mtoto wa Rungwe akitaka kujua babu zake walikuwa wakiishi vipi inabidi aende Afrika Kusini kufungua maboksi wakati watu waliosikia hayo kwa baba zao bado wapo Ikuti na Kyimo wanapalilia migomba.

Na mtu asiniambie hadithi za wazee hazina faida. Huyu kipunji tunayejivunia leo, mwaka 2003 watafiti walikuwa wanaongea na wawindaji wa vijiji vya mlima Rungwe wakasikia kuna nyani mmoja mwenye aibu sana anaishi msituni, wengine wakadhani labda ni mnyama wa hadithi tu. Wakamfuatilia, wakamwona, 2005 akatangazwa duniani, na 2006 ikaonekana hafanani na jamii yoyote iliyokuwa inajulikana mpaka akapewa jenasi yake mwenyewe, kitu ambacho kwa nyani wa Afrika hakijawahi kutokea toka 1923. Sasa wawindaji wetu walimjua siku zote na jina wakampa. Hawakuwa wameulizwa tu.

Kitu cha pili tunachofanya ni nyumba ya mianzi. Joseph Thomson, yule Mskoti aliyepita huku 1879, aliwasifia sana watu wa kwetu kwa nyumba nzuri na usafi wa migombani, na ukiona picha za zamani unaelewa kwa nini, mianzi imepangwa wima, ndani imekandikwa udongo, ukuta umepambwa. Leo ukizunguka mji mzima hupati. Kwa hiyo tulimwomba mzee mmoja anayejua kujenga atufundishe, akakubali kwa sharti moja tu, tusimlete mtu wa kupiga picha halafu aondoke, kila anayekuja ashike panga au abebe udongo. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua mianzi iliyokomaa maana ile michanga wadudu wanaila haraka, hapo tu mzee alikuwa anagonga kwa mpini anasikiliza mlio, huu sawa, huu hapana, na vijana waliokuwa wanaona ni kazi ya kishamba wakaanza kushindana nani atausikia ule mlio sawasawa. Nyumba haijaisha. Mvua za huku zinajulikana, zikianza huwezi kukandika ukuta ukakauka, kwa hiyo tunajenga kiangazi tu na mvua ikija tunafunika na turubai.

Picha za familia nazo tunakusanya ila hapo sina mengi, hatuchukui picha ya mtu tukaondoka nayo, tunaipiga palepale mlangoni penye mwanga wa asili, tunaandika nyuma ya daftari nani yuko kwenye picha, tunamrudishia mwenyewe. Ile ya kusema nitakuletea kesho ndo imefanya watu wengi waogope kutoa picha zao.

Kuna sehemu inayoitwa Masoko pia. Pale ziwani Kisiba watu husimulia kwamba Wajerumani walipoona vita inawaelemea walitupa hela na silaha majini, na sarafu za zamani zimekuwa zikiokotwa ufukweni miaka nenda rudi, watoto wanawauzia wageni. Hapa tunabishana sana kwenye grupu. Wapo wanaosema mtoto kaokota aachwe auze, ni riziki. Mi nasema sarafu ikishaondoka kwenye begi la mgeni imeondoka, bora tutafute namna shule ya pale iwe na kabati lenye kioo na kufuli, mtoto akileta sarafu anaandikwa jina lake pale na tunamchangia daftari na kalamu. Bado hatujakubaliana na sitaki kuficha hilo, ila naomba wazazi wa Masoko mtusaidie kulifikiria.

Mwezi wa nane tunataka siku nzima ya ing'oma, ngoma yetu ya asili, hapa mjini. Itakuwa yetu kwanza, mgeni akija karibu sana, lakini ratiba hatuipangi kwa ajili ya mgeni rasmi kuchelewa kufika. Wazee wacheze, vijana wacheze nao mstari mmoja, wamama wa mbalaga wapike, na tunaongea na wafinyanzi Wakisi wa Ikombe, kule ziwa Nyasa, walete vyungu vyao walivyovizoea kuvileta gulio la Matema, wafinyange mbele za watu kabisa, kwa mkono bila mashine, maana wengi tunanunua chungu cha Wakisi na hatujawahi kuona kikitengenezwa.

Tunachohitaji sasa hivi ni watu wanaoandika Kinyakyusa vizuri, maana rekodi ni nyingi kuliko wanaoweza kuziandika, vijana wanakisikia lakini ukiwapa kalamu wanakwama. Mwalimu mstaafu yeyote uliyepo Makandana au Kawetele hata saa moja kwa wiki tutakufuata nyumbani na spika na daftari. Aliye Dar au Dodoma na ana simu nzuri, mpigie bibi yako jumapili hii, mwambie akusimulie nyumba ya baba yake ilikaaje, rekodi, andika tarehe na kijiji, utume. Na mwenye turubai kubwa ambayo haina kazi, ile ya kwetu imetoboka na ukuta wa mashariki unalowa.