Randa Namba 4

Jumamosi jioni

Leo nilifunga karakana saa nane nikaenda mjini na kijana ninayemfundisha kazi. Kwa miezi mitano amekuwa akiweka akiba ndani ya bahasha, noti za mia na za mia mbili, apate kununua randa yake ya kwanza, zana ya kunyoosha na kulainisha mbao, ya chuma, saizi namba 4. Tumerudi Manyatta, hapa Kisumu, na bahasha haijafunguliwa.

Duka ni lile ninaloingia tangu nikiwa wa umri wake. Haliuzi saruji wala mabati. Ni zana za seremala tu: patasi, misumeno, tupa, mawe ya kunolea, jiliwa, na randa zilizopangwa ndani ya kabati la kioo. Yangu niliinunua mwaka 2013 kwa 4,200, na hata hiyo niliiona ghali. Leo ya aina ile ile imebandikwa 11,800. Kijana alikuwa na 7,000. Aliigeuza karatasi ya bei kuona kama upande wa pili kuna bei nyingine, kisha akairudisha polepole ilivyokuwa, akashukuru, akasogea mlangoni kunisubiri.

Mama mwenye duka tunajuana, kwa hiyo nilimuuliza waziwazi. "Mama, Januari ya 2024 dola ilipokaribia shilingi 160, ulituambia bei imepanda kwa sababu ya dola. Mwaka huo huo ikashuka hadi kama 129. Mbona randa haikushuka nayo?"

Hakukasirika. "Fundi, hizi niliziagiza dola ikiwa juu, na bado nimekaa nazo." Akanionyesha daftari la mauzo. Mwaka jana wote aliuza randa sita.

Akanieleza na mengine ambayo mimi, ninayeona bei ya mwisho tu, sikuwa nimeyapanga kichwani. Forodha ya Mombasa haipigi hesabu kwa bei ya kiwandani peke yake. Wanajumlisha bima na nauli ya meli kwanza, ndipo ushuru uwekwe juu ya jumla hiyo, pamoja na ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, tozo ya reli asilimia 2, na VAT asilimia 16. Kwa hiyo nauli ikipanda, serikali nayo inapata zaidi kwa randa ile ile. Na nauli ilipanda kweli: tangu mwisho wa 2023, meli nyingi za kutoka Ulaya ziliacha njia ya Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Niliingia nikiwa na hasira naye. Nimetoka na hasira bado, lakini sijui niielekeze wapi.

Jumamosi, usiku

Usingizi haujaja. Nafikiria zile randa sita.

Zamani kila fundi wa soko la Kibuye alikuwa na randa mbili, tatu. Sasa unanunua mbao zako kwenye yadi ya mbao, unalipa kwa futi, mashine yao inazipiga randa, unarudi nazo zimenyooka. Kinachobaki ni msasa na vanishi. Silaumu mtu, hata mimi hupeleka huko mbao za vitanda, kwa sababu mteja hatalipia siku yangu nzima ya kupiga randa. Ila ndivyo wanunuzi wa zana za mkono walivyopungua, na kodi ya duka haikupungua. Wachache tuliobaki ndio tunaoilipa.

Tena randa haiuzwi ghali kwa kuwa ni uvumbuzi mpya. Umbo la randa hii ni la Leonard Bailey, fundi wa Boston, na kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake, yaani haki zake za uvumbuzi, mwaka 1869. Hataza hizo zilikwisha muda wake zamani sana, yeyote anaweza kuitengeneza. Gharama iko kwenye kazi ya kiwandani: chuma kimiminwe vizuri, kitulie, ndipo uso wa chini usagwe hadi unyooke, bledi ichomwe na kupozwa ipasavyo ili ishike makali. Ukiruka hatua hizo unapata kitu chenye sura ya randa kinachouzwa 2,800 kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Hiyo ya 2,800 ndiyo kijana alitaka kuinunua tulipotoka. Nilimkataza, na akashangaa kwa nini nimekuwa mkali.

Sikumweleza. Nitaeleza hapa. Miaka sita iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mwingine, mtoto wa jirani, mikono mitulivu kuliko yangu. Alinunua ile ya bei ya chini nami sikusema neno, nikijua hana zaidi. Uso wa chini wa randa ile ulikuwa na bonde katikati. Bledi ilikuwa ikitetemeka ndani, na ubao mmoja tu wa mvule uliitosha kupoteza makali. Kila siku mbao zilimchanika. Mimi nilikuwa nikimwambia noa tena, shika vizuri, fuata nyuzi. Naye alikuwa akitii. Miezi mitatu alitii. Mtu anayejifunza hana kipimo kingine: ubao ukichanika, anaamini ni mkono wake uliouchana.

Wiki yake ya mwisho nilimpa randa yangu amalizie ukingo wa mlango. Maranda yalitoka mwanzo hadi mwisho wa ubao, utepe mmoja mwembamba unaopitisha mwanga. Aliushika juu akautazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu. Alikuwa tayari ameamua kuacha; sasa anaendesha boda boda Kondele, na tukikutana ananisalimia kwa heshima. Siwezi kudai ni randa peke yake iliyomtoa. Lakini lile tazamo ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo wanaposema bei zinawaumiza mafundi, mimi naona wanaoumia zaidi ni wale ambao hawajawa mafundi bado. Mimi yangu ninayo. Nikiitunza kutu isiile itanizika. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza fanicha za kutoka nje asilimia 35 ili wateja waje kwetu, na nashukuru kwa moyo wote. Lakini huyu anayetakiwa kutengeneza hizo fanicha miaka kumi ijayo amesimama mlangoni mwa duka na bahasha yake, na zana anayohitaji imerundikiwa tozo zote hizo.

Jumapili

Tulikwenda Kibuye asubuhi, soko likiwa ndio linafunguka, matope kila mahali. Tulipita mitumba na sufuria hadi kwa wale wauza vyuma chakavu. Kijana ndiye aliyeiona, chini ya mnyororo wa baiskeli: randa, kutu kila upande, mpini umevunjika, bledi haipo. Niliikwaruza kwa ukucha wa gumba, herufi zikajitokeza: England. Muuzaji alianza na 2,500. Kijana alijadiliana naye kwa Kijaluo, mimi nikanyamaza kabisa, wakafikia 1,500. Niliangalia kama mwili una ufa karibu na mdomo, pale bledi inapotokea, maana ufa ni vigumu kuutengeneza. Haukuwepo.

Jumatatu

Tumerudi kwa mama. Bledi peke yake, 2,900. Alitupunguzia ikawa 2,600 na akampa kijana kipande cha msasa bure, akimwambia, "Ukimaliza uilete niione." Jumla ni 4,100, na kwenye bahasha zimebaki 2,900 za jiwe la kunolea.

Ijumaa

Jioni nne sasa. Mpini tumeuchonga kwa kipande cha mvule kilichobaki kwenye meza ya mteja. Uso wa chini tunaunyoosha kwa msasa uliogundishwa juu ya kioo kinene cha dirisha, bledi ikiwa ndani imekazwa lakini imerudishwa juu, kwa sababu mkazo wake hupinda mwili kidogo na ni vizuri kunyoosha ukiwa katika hali ile utakayofanyia kazi. Anachora mistari ya wino, anasugua, anageuza kuangalia mistari gani imebaki. Panapobaki wino ni bonde.

Tulianza na msasa namba 80. Jana akahamia 120, ulio laini zaidi. Leo hakutaka hata kwenda kula. Ncha ya mbele imenyooka, mdomo umenyooka, pande zote mbili zinang'aa. Imebaki pembe moja ya nyuma, kushoto, wino upana wa kidole, haujagusa kioo bado. Nimemwachia ufunguo wa karakana.