Nilivyoitunza seva ya Frankfurt kwa kishikwambi

Laptopu yangu ilikufa mwanzoni mwa 2024, wiki ambayo sikuwa na hela ya kununua nyingine. Fundi aliifungua, akainusa, kweli aliinusa, akasema, "Kaka, ubao umeungua. Hapa utatoa diski tu." Nikatoa diski nikaenda nayo nyumbani. Kilichobaki kilikuwa kishikwambi cha Android, mfano wa vile tulivyoviona mikononi mwa makarani wa sensa ya 2022, na kibodi ndogo ya Bluetooth.

Kazi haikungoja. Nina mteja mmoja, mama mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo, na tovuti yake ya kushikia nafasi za vyumba naitunza mimi. Iko kwenye seva ya kukodi huko Frankfurt: Linux tupu, RAM gigabaiti 1. Haina skrini, haina kipanya, haina hata kitufe cha kubofya. Unaingia kwa SSH, njia salama ya kuiamrisha kompyuta ya mbali kwa maandishi, unapokewa na mstari mmoja unaopepesa, basi.

Siku za mwanzo nilitumia Termux, programu inayokupa terminali (dirisha la kuandikia amri) kwenye Android, na kuhariri faili kwa nano, kihariri kidogo cha ndani ya terminali. Kutoka Morogoro hadi Frankfurt na kurudi, ping yangu, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ilikuwa inacheza kwenye milisekunde 170. Mtu atasema hiyo ni ndogo. Aje aandike PHP, lugha ya msimbo wa tovuti ile, nayo! Kwenye SSH kila herufi unayobonyeza inasafiri mpaka Ulaya, inarudi, ndipo unaiona. Ukikosea unafuta kwa kukisia, na skrini ikikufikia unakuta umefuta nusu ya neno lililokuwa sahihi. Mtandao ukikohoa kidogo, unaandika gizani.

Rafiki yangu mmoja akaniambia nijaribu code-server, yaani VS Code ile ile, kihariri maarufu cha msimbo, ila inakaa kwenye seva na wewe unaifungua kwa kivinjari. Nilikataa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kama mistari mitupu ya nano inakwama, hayo madude yenye rangi na menyu yatapita wapi? Hesabu hiyo ilikuwa kinyume kabisa. Mara ya kwanza kivinjari kinapakua kihariri chote, na bando inaliwa kweli. Lakini kikishapakua, maandishi unayoandika yanachorwa hapo hapo mikononi mwako. Herufi haisubiri ruhusa ya Frankfurt ndipo ionekane. Kinachosafiri ni faili unapoihifadhi, na mazungumzo ya pembeni kama mapendekezo ya msimbo. Ni terminali ya ndani yake tu inayobaki na uzito ule ule wa SSH.

Kuisakinisha hakukunisumbua. Iliyonisumbua ni haraka yangu. Ikiwa hujagusa kitu, code-server inasikiliza 127.0.0.1, mlango wa 8080, maana yake inaongea na seva yenyewe tu na mtu wa nje haioni. Mimi nikafungua ~/.config/code-server/config.yaml nikaandika 0.0.0.0, yaani isikilize yeyote wa nje, ili niifikie kutoka kwenye kishikwambi. Ikafunguka. Ikanionya kwamba muunganisho si salama, na kunakili na kubandika kukagoma. Nikapuuza, nikafanya kazi mpaka saa sita usiku.

Asubuhi nikasoma kumbukumbu za seva. Majaribio ya kuingia yaliyoshindwa yalikuwa yamepangana, kutoka anwani nisizozijua. Hawakuingia, lakini jasho lilinitoka. Maana aliyeingia code-server hakuingia kwenye kihariri peke yake. Ndani kuna terminali, na ukiwa na terminali umeshaishika seva nzima. Isitoshe, neno langu la siri lilikuwa limepita wazi njia nzima bila kufichwa.

Nikarudisha 127.0.0.1 siku hiyo hiyo na kuchimba handaki la SSH kwa Termux, yaani njia iliyofichwa kutoka mlango wa 8080 wa kishikwambi hadi ule wa seva:

ssh -N -L 8080:127.0.0.1:8080 mimi@anwani-ya-seva

Baada ya hapo naandika localhost:8080 kwenye kivinjari cha kishikwambi, na ninachokiona ni seva ya Ujerumani. Kila kitu kinapita ndani ya SSH, naingia kwa ufunguo badala ya neno la siri pekee, na kwa kuwa vivinjari huiamini localhost, kunakili na kubandika kukaanza kufanya kazi bila cheti chochote. Kero iliyobaki ni Android, ambayo hupenda kuziua programu zilizo nyuma ya pazia ili kuokoa chaji. Handaki lilikuwa linakatika kila nikihamia kivinjari, mpaka nilipojifunza kutoa amri ya termux-wake-lock kwanza, inayoizuia simu kuilaza Termux.

Wiki ya pili mama akapiga simu.

"Mwanangu, wageni wananiambia ukurasa haufunguki. Umeugusa?"

"Shikamoo mama. Nipe dakika kumi."

Sikuwa nimeugusa, nilidhani. Nikatazama dmesg, kumbukumbu za kiini cha Linux, nikakuta mstari mmoja ulioanza na Out of memory, na mwishoni mwake aliyeuawa ametajwa: mysqld, yaani MySQL, programu ya hifadhidata ya tovuti. Nilikuwa nimeweka kiendelezi cha kusaidia kuandika PHP, nacho kikaanza kusoma folda nzima ya vendor, inayokaa misimbo ya watu wengine ambayo tovuti inaitegemea, maelfu ya faili, ndani ya RAM ile ile ya gigabaiti 1 inayotumiwa na hifadhidata. Kumbukumbu ikajaa, Linux ikatafuta wa kumtoa mhanga, ikamchagua MySQL kwa kuwa ndiye aliyenenepa. Mimi nilikuwa naandika kwa raha zangu huku nyumba ya wageni imefungwa mlango.

Nikaongeza faili ya swap ya gigabaiti 2, sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, nikakiondoa kile kiendelezi, nikaiambia code-server isiifuatilie folda ya vendor. Jambo lililosaidia kuliko yote, ambalo mpaka leo nalifanya, ni kuizima kabisa nikimaliza kazi. Naiwasha kwa systemctl, amri ya Linux ya kuendesha huduma, naizima kwa systemctl. Hakuna sababu ya kuiacha ikikaa na kula chakula cha mwenye nyumba usiku kucha.

Kosa la tatu naona aibu kulisema. Nilikuwa nahariri moja kwa moja kwenye folda ya tovuti iliyo hewani. Kwenye laptopu hilo halikuwahi kuniumiza, kwa sababu faili haihifadhiwi mpaka niseme. VS Code ya kwenye kivinjari ina tabia nyingine: inahifadhi yenyewe, sekunde moja baada ya wewe kuacha kuandika. Siku hiyo nimeandika if ($bei > nikanyanyuka kumimina chai. Sekunde moja. Nusu ya sentensi ikaenda hewani, na kila aliyefungua ukurasa wa vyumba akapata kosa la 500 mpaka nilipomaliza kutafuta sukari.

Kuzima uhifadhi huo ni mpangilio mmoja tu, lakini nilijua ugonjwa hauko hapo. Nikatengeneza folda ya pili, yenye hifadhidata yake ya majaribio, nikawa nafanya kazi humo tu. Kikikubali nakifunga kwenye git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kisha folda ya hewani inavuta kwa git pull. Ningepaswa kuwa nafanya hivyo tangu mwaka wa kwanza.

Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuokoteza. Nilikuwa katikati ya kubadilisha fomu ya malipo. Kivinjari kikawa kinaandika kwamba kinajaribu kuunganisha tena, kinapata, kinapoteza. Nikaendelea kuandika. Maandishi yalibaki kwenye kishikwambi, na muunganisho ulipopatikana yakahifadhiwa. Kwa nano ningekuwa nimelala. Kazi ndefu za terminali, kama kutoa nakala ya hifadhidata, nilishazihamishia tmux, programu inayoziweka terminali hai kwenye seva, ili hata nikipotea mimi zenyewe ziendelee.

Kilichochukua muda mrefu kuzoeleka ni vidole. Kwenye nano, Ctrl+W ni kutafuta neno. Kwenye kivinjari, Ctrl+W inafunga kichupo. Sijui nimefunga mara ngapi.

Baadaye nilinunua laptopu ya mtumba. Sikuweka PHP humo wala MySQL. Ina kivinjari na ufunguo wa SSH. Kishikwambi bado natembea nacho. Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Msamvu nasubiri basi, mama akapiga:

"Mwanangu, chumba cha ghorofani ongeza elfu kumi."

Nikawasha handaki, nikabadilisha, nikajaribu, nikavuta. Basi halijafika.

"Tayari, mama."

"He! Haraka hivyo? Basi ngoja nikutumie na picha."

Akatuma kumi na nne, zote zimelala ubavu.