Nilivyohama Android kwenda iPhone bila kupoteza vipimo vya wateja wangu

Mimi ni fundi cherehani. Daftari la vipimo ninalo, lakini kwa miaka mingi daftari langu la kweli limekuwa WhatsApp. Mteja akinitumia picha ya mshono anaoutaka, namwandikia palepale vipimo nilivyomchukua: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni. Akirudi mwaka unaofuata ananiambia tu, "Fundi, vipimo vyangu si unavyo?" Ninavyo. Viko kwenye chati yake, pamoja na ule ujumbe wa sauti alionitumia kunieleza kwamba mkono wa kushoto ulimbana.

Ndiyo maana nilipoamua kuacha simu za Android na kuhamia iPhone, swali langu lilikuwa moja: chati zitahama? Picha za sherehe, nyimbo, hata programu, vikipotea ningevumilia. Chati za wateja ndizo kazi yangu.

Simu ya zamani ilikuwa bado nzima. Kioo hakikuwa na ufa, na betri ilinifikisha jioni. Lakini masasisho ya usalama yalikuwa yamekoma kuja, na programu ya benki ninayopokelea malipo ikaanza kunionya, kila nilipoifungua, kwamba toleo langu la Android linakaribia kuachwa. Simu inayopita fedha za watu sikutaka iwe mlango usio na komeo.

Kilichonipeleka iPhone hasa ni rangi. Mtoto wa kaka yangu alinipigia picha ya lesi ya zambarau kwa simu yake. Nikaitazama picha, nikatazama kitambaa mkononi, rangi ni ileile. Kwenye simu yangu zambarau ilikuwa inatoka buluu, na mimi wateja wangu wengi huchagua kitambaa kwa picha ninazowatumia. Nilimuuliza simu hizi hudumu muda gani, akaniambia iPhone XS iliyotoka mwaka 2018 ilipata iOS 18, toleo jipya la mfumo wa iPhone, mwaka 2024. Haki isemwe: upande wa Android nao umebadilika. Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa simu yake ya Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafuata kwa simu yake ya Galaxy S24 mwaka 2024. Anayebadilisha simu kwa ajili ya masasisho peke yake si lazima ahame kabisa. Mimi ile lesi ilishaniamulia.

Sasa nieleze kosa nililofanya siku ya kwanza, maana naamini wengi wanalifanya.

Nilikuwa na bekapu. Kila usiku, saa nane, WhatsApp ilikuwa inapeleka nakala ya chati zangu Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, na kila nilipochungulia niliona tarehe ya jana. Nikajiambia kazi imekwisha, huku nitaivuta tu. Nikaiwasha iPhone, nikaruka maswali yote iliyoniuliza mwanzoni, nikahamisha laini, nikapakua WhatsApp, nikaandika namba yangu na zile tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe. Ikafunguka. Majina ya makundi yalikuwepo. Chati za wateja hapakuwa na hata moja.

Nikairukia simu ya zamani. Huko nako WhatsApp ilikuwa imeshanitoa, ikisema namba yangu imesajiliwa kwenye simu nyingine. Nilikaa chini. Nilikuwa na magauni manne mezani ambayo vipimo vyake sikuwa nimevinakili popote, na mawili yalikuwa ya harusi ya wiki ileile.

Jambo nililokuwa silijui ni hili. WhatsApp ya Android huhifadhi nakala Google Drive. WhatsApp ya iPhone huhifadhi iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Mifumo hii miwili haisomeani. Nakala iliyoko Google Drive hurudi kwenye simu ya Android tu, hata ukiingia kwa akaunti ileile na namba ileile. Bekapu yangu ya kila usiku ilikuwa salama kabisa, ila ilikuwa ghala ambalo ufunguo wake haukuwa na kazi upande wa pili.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu. "Shangazi," akaniambia, "usifute chochote. Hiyo ya zamani iache kama ilivyo mpaka nifike." Alipofika alianza kwa kuirudisha laini kwenye simu ya zamani na kusajili namba upya. Tulingoja kwanza, kwa sababu katika kuhangaika kwangu nilikuwa nimeomba msimbo mara nyingi mno na WhatsApp ikanifungia kwa muda. Ulipokuja, tukauingiza, na chati zote zikarudi. Hazikuwa zimeenda popote. WhatsApp huziweka ndani ya simu yenyewe, na kutolewa kwa namba hakuzifuti. Kama ningekuwa nimeisafisha simu ile ili nimpe mtu, kama nilivyokuwa nimepanga, ningebaki na nakala ya Google Drive na kutafuta simu nyingine ya Android ya kuirudishia.

Baada ya hapo akaifuta iPhone mpya, ikawa kama imetoka kiwandani. Hili lilinishangaza, lakini ndivyo tulivyolazimika. Chati za WhatsApp kutoka Android zilihitaji kupita wakati iPhone inapoanzishwa, kwenye ile hatua inayouliza kama unataka kuleta vitu kutoka Android. Mimi niliiruka hatua hiyo bila kuisoma. Njia yenyewe si ya siku nyingi: programu ya Apple ya kuhamia, Move to iOS, ilikuwepo tangu 2015, lakini ilihamisha picha, majina ya watu na ujumbe wa kawaida. WhatsApp iliongezwa mwaka 2022. Nadhani ndiyo sababu bado kuna watu wanaoapa kwamba haiwezekani, na kuna wanaolipia programu za kompyuta za kufanya kazi hii. Mimi sikulipa kitu.

Kabla ya kuanza tulipunguza mzigo. WhatsApp yangu ilikuwa na zaidi ya gigabaiti thelathini. Ukiingia kwenye mipangilio yake sehemu ya hifadhi, inakuonyesha mafaili makubwa na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Nilifuta video za kuchekesha, za mahubiri, za tahadhari za uongo, tukashuka hadi kumi na tisa. Picha za mishono sikugusa.

Tuliziweka simu zote mbili kwenye chaji. Kwenye ya zamani tukapakua Move to iOS. iPhone ikatoa msimbo, tukauandika kwenye Android, na iPhone ikatengeneza mtandao wake wa muda wa Wi-Fi ambao simu ya zamani iliuingia yenyewe. Ikaja orodha ya vitu vya kuhamisha. Ukigusa WhatsApp pale, WhatsApp ya kwenye Android inafunguka, inaandaa chati, kisha inakutoa na kukurudisha kwenye orodha. Hapo moyo uliruka tena nilipoona nimetolewa, lakini safari hii ndiyo utaratibu.

Kisha kungoja, na kungoja kwenyewe kuna masharti. Ukitoka kwenye ile programu ya Android, hata kwa kupokea simu, uhamishaji unaweza kukatika. Tulizima data ya simu ya zamani na nikawaambia watu wa nyumbani wasinipigie. Baada ya muda Android ikaandika kwamba imemaliza, nami nikanyoosha mkono niichomoe. "Bado, Shangazi. Tazama hiyo mpya." Kweli, mstari wa iPhone ulikuwa haujafika mwisho. Anayeamua ni simu inayopokea. Ilichukua karibu saa tatu yote pamoja.

Tulipopakua WhatsApp kwenye iPhone na kuingia kwa namba ileile, haikunipeleka kwenye ukurasa mtupu. Iliniambia kuna chati zinazosubiri kuhamishwa, nikagusa kuanza. Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta jina la mteja wangu wa zamani kuliko wote na kupandisha hadi juu. Ujumbe wa 2018 ulikuwepo, na picha yake, na sauti yake ilicheza. Historia ya simu zilizopigwa kwa WhatsApp haikuja, na sikuihitaji.

Mengine yalikuwa mepesi, ingawa machache yalinikwamisha.

Majina ya watu kwenye simu yangu yalikuwa yamehifadhiwa mahali pa namna tatu: mengine kwenye laini, mengine kwenye simu, mengine kwenye akaunti ya Google. Niliingiza akaunti ya Google kwenye mipangilio ya iPhone, nikaagiza iPhone ilete na ya kwenye laini, na ya kwenye simu yalikuwa yamekuja na ile programu. Wateja kadhaa wakatokea mara mbili, nikawaunganisha mmoja mmoja jioni. Ningekuwa naanza upya, ningeyakusanya yote kwenye akaunti ya Google wiki moja kabla.

Programu niliyokuwa nimeinunua, ya kupanga miundo ya mishono, ilinibidi niinunue tena. Kilichonunuliwa kwenye duka la Google hakihamii duka la Apple. Misimbo ya kuingilia barua pepe, ile inayobadilika kila nusu dakika, niliihamisha kwa Google Authenticator: simu ya zamani inatoa msimbo wa QR, mpya inaupiga picha, basi. Benki ilitaka niisajili simu upya, na kwa kuwa laini yangu ilikuwa imeshaingia kwenye iPhone, ujumbe wa uthibitisho ulifika bila shida.

Picha ndizo zilizonipa kazi ya ziada. Nilipeleka picha za katalogi zichapwe, na kompyuta ya pale ikazikataa. Tangu 2017 iPhone huhifadhi picha kwa aina ya HEIC, ambayo hupunguza ukubwa wa faili lakini kompyuta za zamani haziifungui. Kwenye mipangilio ya kamera kuna sehemu ya kuchagua aina inayokubalika kwingi, na tangu nilipoichagua picha zangu mpya zinatoka JPEG. Zile za mwanzo nilizituma kwa barua pepe, zikafika zimebadilishwa.

Bluetooth niliipoteza. Fundi mwenzangu ana Android, na tulizoea kurushiana picha za vitambaa kwa Bluetooth tukiwa meza moja. iPhone haitumi faili kwa njia hiyo. Sasa namtumia WhatsApp kama faili, si kama picha, ili rangi isichujwe. Kwa fundi tofauti hiyo ni kubwa, nawasihi mafundi wenzangu waijaribu hata kama hawahami simu.

Vidole navyo vilichukua muda. Android yangu ilikuwa na kitufe cha kurudi nyuma chini ya kioo. Huku unasukuma kidole kutoka ukingo wa kushoto, na kwenye baadhi ya kurasa unatafuta alama juu. Wiki mbili kidole gumba kiliendelea kugusa mahali pasipo na kitu. Kibodi ya Kiingereza nayo ilikuwa inanisahihishia Kiswahili. Nikiandika "bega" inageuza. Siku nilipomwandikia mteja kipimo kikageuzwa neno bila mimi kuona, nilizima usahihishaji wa moja kwa moja siku hiyohiyo. Kwa anayeandika vipimo kwa Kiswahili, ningeuzima kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza.

Chaja sikubadilisha. Tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 tundu ni USB-C, waya wangu wa zamani unaingia. Ila bekapu ililazimu nilipie: iCloud hutoa gigabaiti 5 bure, Google hutoa 15, na chati zangu peke yake zilikuwa 19. Kwa siku mbili nilisita. Kisha nikakumbuka yale magauni ya harusi mezani, nikalipia nafasi ya kila mwezi.

Simu ya zamani niliiweka kwenye droo ya nyuzi kwa wiki sita, imechajiwa, bila kufutwa. Niliifungua mara mbili. Mara ya kwanza kutoa maelezo niliyokuwa nimeyaandika kwenye programu ya maelezo ya mtengenezaji wa simu ile, ambayo hayakuhama. Niliyatoa kama PDF na kujitumia. Mara ya pili kutafuta rekodi moja ya sauti. Wiki ya saba, siku nne zilizofuatana, sikuikumbuka hata kidogo.

Nikamwita mtoto wa kaka yangu nimpe ampelekee mdogo wake. Kabla ya kuifuta niliiondoa akaunti yangu ya Google kwa mkono, kwa sababu Android iliyofutwa kwa pupa humdai mpokeaji nenosiri la mwenye simu wa awali. Alipokuwa anaisubiri iwake upya, mteja akanipigia. "Fundi, vipimo vyangu si unavyo?" Nikaifungua chati yake kwenye iPhone, nikasikiliza ule ujumbe wa mkono wa kushoto, nikachukua chaki.