Wewe ungejibu ngapi?

Wiki hii mahari ya Zuhura imepokelewa, Baba Imani kahamishiwa Kilosa, maji yamekatika siku mbili, na mimi nimekaa na maneno matatu ya mtu tuliyeonana nusu saa tu.

Wazoefu wa hapa mnajua kazi yangu mpya ya kuuliza dodoso kwa wanawake ambao mimba zao zimetoka. Maswali 33, kila moja lina jibu la 1 mpaka 5, jumla ikizidi 90 namwandikia aende kwa mshauri. Kipimo hiki cha majonzi kilitungwa Marekani kikachapishwa 1988, sisi tumekivalisha Kiswahili. Benchi letu liko mkabala na foleni ya chanjo (nimelalamika mpaka basi), kwa hiyo unamuuliza mtu majonzi yake huku vichanga vya wenzake vinapiga yowe la sindano.

Jumanne kaja binti mmoja kwa marudio, mimba ilitoka ikiwa na wiki tisa. Nikamsomea ile ya kumkumbuka mtoto.

"Mtoto yupi, dada? Hata mama yangu hakujua. Tulikuwa tunangoja tumbo liseme lenyewe."

Nikamrudia majibu, toka sikubali kabisa hadi nakubali sana. Akanitazama.

"Wewe ungejibu ngapi?"

Nikamwambia, "Sisi tunatakiwa tuulize tu, mdogo wangu."

Sisi! Sisi akina nani? Pale nilikuwa mimi na kalamu yangu. Na Machi ya mwaka juzi mnaijua, mimba yangu mwenyewe ilipotoka.

Tangu hapo namjibu. Namjibu kwenye daladala, namjibu nikikosha vyombo. Nne. Nne, ila Jumapili tano. Nne, mdogo wangu, na mimi sikuwa nimemwambia mtu, kwa hiyo hakuna aliyekuja kunipa pole. Kisha nasikia tena sauti yangu ya ofisini, sisi tunatakiwa, natamani ardhi inimeze.

Kwenye semina walitueleza utafiti wa hospitali za London, wa 2020: mwezi mmoja baada ya kupoteza mimba changa, wanawake 29 katika kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe, na baada ya miezi tisa bado 18. Miezi tisa! Niliinamia daftari nikajifanya naandika.

Mama Mkubwa ndiye aliyenishtukia. Hakusema Mungu atakupa mwingine. Alichukua mashuka, akayaloweka kwenye maji baridi yenye chumvi, akayafikicha doa kwa doa, akayaanika uani nyuma ya choo, wapangaji wasione. Akanipa uji. Katika maswali yote 33 hakuna linalouliza nani alikufulia.

Lakini jioni hii namenya vitunguu nikakumbuka swali la tatu, nikacheka peke yangu. Nilimsomea, "Najisikia mtupu." Binti wa watu akashtuka, akavuta khanga, akajikagua magotini.

"Niko uchi wapi, dada?"

Tulicheka hadi nesi wa chanjo akageuka. Nikamfafanulia kwamba ni mtupu wa moyoni. Akafikiri. "Aaa. Kama nyumba iliyohamwa. Basi andika nne."

Nikaandika nne, na pembeni nikaandika nyumba iliyohamwa. Ijumaa kikaoni nikapendekeza tutumie hilo, nikajibiwa kipimo hakibadilishwi katikati ya safari. Sawa. Nimeliacha pale pembeni, kwa kalamu ya wino, halifutiki. Atarudi baada ya miezi mitatu, na safari hiyo akiniuliza nitataja namba yangu.

Halafu hii harufu ya gesi. Baba Imani anasema pua yangu ndiyo mbovu, na keshokutwa anaondoka, nibaki na mtungi na mtoto. Nimepaka povu la sabuni kwenye mpira, pale unapoungana na mtungi, nikamulika kwa tochi ya simu. Vimetoka viputo viwili. Au vilikuwa vya povu lenyewe, sijui. Nimefunga, leo tunakula mkate.