Walinipa Shoka, Nikachukua Kitabu

"Wewe chukua yule wa shoka. Mchawi ana kusoma kwingi, na Kiingereza chake kizito. Utachoka bure."

Niliambiwa hivyo mbele ya watu, tukichagua wahusika wa mchezo wa hadithi na dadu katika chumba cha maktaba ya umma hapa Minnesota, na aliyesema alikuwa anatabasamu, anaamini ananisaidia. Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa hisabati. Nimefundisha kidato cha tatu na cha nne Lindi, nimeandaa watoto wa watu kwa mitihani ya taifa. Leo nageuza wazee vitandani katika nyumba ya kulea wazee. Ni kazi ya halali, inalisha nyumba nzima Kilwa Masoko, na siionei haya hata kidogo. Ninachokichukia ni hiki: ukishaonekana umevaa ile sare, watu wanaamua kwamba kichwa ulikiacha uwanja wa ndege. Kazini kukiwa na mzigo wa kuinua, naitwa mimi. Kukiwa na fomu ya kujaza, anaitwa mwingine, hata kama mwingine huyo hesabu za dozi nilimfundisha mimi. Nimevumilia kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Lakini kwenye mchezo nako, siku yangu ya mapumziko, nipewe shoka?

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Mnakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, na mwendesha mchezo anasimulia: mko msituni, mnasikia sauti, mnafanya nini? Unasema unachofanya, kisha dadu ya nyuso 20 inaamua kama umefaulu. Ulichapishwa mwaka 1974, na waliobuni ni Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, pamoja na Dave Arneson, aliyekuwa wa hapa hapa kwenye miji yetu pacha ya Minneapolis na Saint Paul. Ukiishi Desemba moja huku utaelewa kwa nini watu wa huku walibuni mchezo wa kukaa ndani kwa saa nyingi. Jua linazama saa kumi na nusu jioni, na nje baridi inashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi.

Mama yangu alipoona picha kwenye simu ya dada, aliuliza mambo mawili: huo uchawi ni wa nini, na hizo dadu mnachezea pesa? Nilimjibu kwa heshima zote, na ninyi nawajibu vivyo hivyo. Hakuna pesa inayowekwa mezani, na hakuna dua wala hirizi. Ni hadithi, penseli na hesabu. Aliridhika, ila akasema nisiache sala kwa ajili ya hadithi. Sijaacha.

Sasa turudi kwa mchawi wangu, maana ndiye aliyenifanya niandike. Anayeendesha mchezo wetu ni mkutubi mstaafu, mtu mzima kabisa. Mimi namwita Mama, kwa sababu siwezi kumwita mtu wa umri ule jina lake tupu kama wenyeji wanavyofanya. Aliisikia ile kauli. Hakubishana na mtu. Baada ya wengine kuondoka alivuta kiti, akaniwekea mbele kitabu chake cha sheria, toleo la 2014, kurasa zimechakaa, akasema, "Kaa nacho hadi umalize." Kipya kilikuwa kinauzwa kama dola 50. Ninyi mnaojenga mnajua hiyo ni mifuko mingapi ya saruji. Mtu ambaye hajui hata ninaishi mtaa gani akanikabidhi, na hakuandika jina langu popote.

Nilikisoma basini, nikakisoma wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku. Na nikagundua kwamba mchawi ni mhusika wa mtu anayependa hesabu. Unapewa namba sita, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, uzigawe kwenye Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Nilichagua binadamu wa kawaida, anayeongezewa 1 kila mahali. Akili ikawa 16, Ustahimilivu 15, Wepesi 14. Nguvu nikaiachia ile 8, ikawa 9. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanajaza Akili, halafu Ustahimilivu wanausahau. Mchawi wa ngazi ya kwanza anaanza na pointi 6 za uhai tu, pamoja na nyongeza ya Ustahimilivu. Wangu alikuwa na 8. Mwenye shoka, kwa Ustahimilivu ule ule, anaanza na 14. Pigo moja la jambazi wa njiani linaweza kukulaza. Tena mchawi hajui kuvaa deraya, yaani vazi la vita, kwa hiyo anaishi kwa kujua asimame wapi.

Alichonacho ni kitabu. Ndani yake unaanza na matamko sita ya kichawi, na kwa siku una nafasi mbili tu za kuyatumia, pamoja na moja ya kurudishiwa ukipumzika. Mbili! Basi swali linakuwa utachukua yapi. Wenzangu walinisukuma kwenye moto na mishale ya kichawi. Mimi nilitafuta yale yanayoweza kufanywa kwa taratibu, kwa dakika kumi za ziada, bila kula nafasi. Nikapata matatu: kumwita mnyama msaidizi, kutambua uchawi ulipo, na kuelewa lugha ngeni. Yaliyobaki nikaweka Vazi la Kinga, Ngao na Usingizi. Kwa maana hiyo nusu ya kitabu changu hainigharimu nafasi hata moja. Mama alipoiona ile orodha aliinyamazia kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Lile la kuelewa lugha lina sharti lake: kwa saa nzima unaelewa kila kinachosemwa, na kila andiko unaloligusa, ila kuijibu lugha hiyo huwezi. Nilipolisoma niliweka kitabu chini. Mwaka wangu wa kwanza hapa ulikuwa hivyo. Nilikuwa nasikia kila neno walilosema juu yangu kwenye chumba cha chai, na jibu lilikuwa linakuja kichwani Kiswahili kitupu, zuri, kamili, wakati wao wameshatoka. Wewe unayesubiri viza, jiandae kwa hilo. Cheti cha Kiingereza hakitakukinga.

Jambo jingine kwa wanaokuja. Mchawi akipoteza kitabu chake, anabaki na yale tu aliyoyaandaa siku hiyo. Ndiyo maana sheria zinamruhusu kutengeneza nakala ya pili, dhahabu 10 na saa moja kwa kila ngazi ya tamko, na mwenye akili hutengeneza mapema. Vyeti vyako vya shule, cha kuzaliwa, pasipoti, vitolee nakala kabla hujapanda ndege, na nakala moja ibaki kwa mtu unayemwamini nyumbani. Nimeona watu wazima wakilia hapa kwa karatasi moja iliyobaki Dar.

Kwa historia ya mhusika wengi waliandika misitu na majumba ya mawe yenye theluji. Mimi nikamwita Mwinyi Kheri, msomi wa mji wa kisiwani uliojengwa kwa mawe ya matumbawe. Nikawaeleza Kilwa Kisiwani, kwamba msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifia uzuri wake, kwamba dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilipita mikononi mwa watu wetu, na kwamba masultani walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Mama akaandika yote. Wiki iliyofuata tukakuta bandari katika mchezo, na sarafu zake ni za shaba. Sijui kama mnaelewa hilo linamfanyia nini mtu ambaye kila siku anaulizwa kama nyumbani kuna barabara.

Kisha lilikuja suala la mnyama msaidizi. Wote wakasema bundi, na kwa sheria wako sahihi: anaona gizani, na akiruka kumwacha adui hapigwi anapoondoka. Nikasema hapana. Mimi nimekua nikijua bundi akilia juu ya paa, wakubwa wanaamka na kuanza kuulizana nani mgonjwa. Siwezi kulala nyumba moja na bundi hata kwenye karatasi. Nilitegemea wacheke. Hawakucheka. Nikachukua mwewe.

Basi siku ya vita ya kwanza. Magoblini manne, vijitu viovu vya hadithi, kila moja lina uhai 7. Bwana wa shoka, yule yule aliyetaka nilichukue mimi, maana mwishowe alilichukua mwenyewe, akakimbia mbele akapigwa hadi akabaki na uhai 4. Mimi nina nafasi moja imebaki. Tamko la Usingizi linarushiwa dadu tano za nyuso nane, na jumla yake ndiyo kiasi cha uhai unachoweza kulaza, ukianzia kwa aliye dhaifu kuliko wote ndani ya duara la futi 20 kutoka katikati. Adui au rafiki, halichagui. Duara likimgusa yeye mwenye 4, anaanguka yeye kwanza. Meza ilikuwa inapiga kelele nirushe. Nikaomba penseli, nikapima miraba ya ramani, nikasogeza katikati ya duara nyuma ya magoblini hadi yeye akabaki nje. Dadu zikatoa 26. Matatu yakalala, 21 imetumika, 5 iliyobaki haikutosha la nne. Hilo la nne alilimaliza yeye kwa shoka.

Kusoma kwingi, alisema.

Tulipofika ngazi ya pili nilichagua elimu ya uaguzi kati ya elimu nane za uchawi. Kila baada ya mapumziko marefu narusha dadu mbili za nyuso 20 na kuandika namba pembeni, na siku hiyo naweza kuiweka mojawapo badala ya dadu kama hiyo ya mtu yeyote ninayemwona, mradi niseme kabla hajarusha. Juzi buibui mkubwa alimuuma bwana wa shoka, akatakiwa kurusha kushinda sumu. Nilikuwa na 18 pembeni, nikampa. Nilimpa kwa sababu bila yeye mbele sote tungekufa, na kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Akanishukuru, tena kwa moyo, akanishika bega. Lile neno la siku ya kwanza hajawahi kuliombea radhi, nami bado namdai.